Hesabu Iliyo Nyuma ya Ramani

Mtu anunuapo kiwanja katika viunga vya Kampala aghalabu hupewa kipimo cha futi 50 kwa 100, na dalali humhakikishia kwamba hizo ni desimali 12 za ekari, ilhali hesabu ya haki haifiki hata 11 na nusu. Akishuka Ndeeba kutafuta mbao huuziwa kwa inchi, nondo huzipata kwa milimita za unene wake, mabati kwa geji, saruji kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga kwa lori, ambalo ujazo wake hutegemea insafu ya mwenye lori. Lakini ramani ya nyumba hiyohiyo, ichorwayo kwa kompyuta katika ofisi ya msanifu majengo pale Ntinda au Kololo, haisemi ila kwa milimita na meta; na kazi ya kuvipatanisha vipimo hivi vyote, pamoja na kazi nyingine nyingi ambazo zamani zilifanywa kwa kalamu, karatasi na subira, siku hizi imekabidhiwa fomula zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe. Fomula hizo hazionekani katika ramani iliyochapwa. Mwenye nyumba hazijui, mwashi hazijui, afisa wa mji agongaye muhuri hazioni, na mara nyingine hata msanifu aliyetia saini hakuziandika yeye.

Swali ninalotaka kulipima katika makala haya ni hili: tunapoiachia fomula iamue kimo cha kidato cha ngazi, upana wa upenu au uzito wa chuma, ni nani hasa aliyeamua? Wako wasemao kwamba kompyuta haina rai, hujumlisha na kugawa tu, kwa hiyo hapana la kuuliza. Na wako wasemao, kwa hofu iliyo kinyume cha utulivu huo, kwamba mashine imemnyang'anya msanifu sanaa yake na kumfanya karani. Mimi siafiki upande wowote. Naona kwamba kila fomula ni shauri alilokata mtu fulani, mahali fulani, chini ya jua fulani, akaliandika kwa namna iwezayo kurudiwa na wengine wasiomjua. Na kwamba manufaa yake yote na madhara yake yote hutokana na jambo hilo moja.

Wala tusidhani kuwa jambo hili limezaliwa pamoja na kompyuta. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mtu huingia chumba kirefu na chembamba, naye akistaajabia wembamba ule huambiwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana meta 3, upana wa chumba nao hauzidi hapo, ijapokuwa urefu wake mwenye nyumba huweza kuurefusha kadiri ya uwezo wake. Hiyo ni fomula kamili: kilichotolewa ni mti, na kinachofuata ni chumba. Hapa Kampala penyewe, katika makaburi ya Kasubi, nyumba kuu iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza kabla ya kuwa kaburi lake, ina pete 52 ndani ya paa lake la nyasi, kila pete kwa ukoo mmoja miongoni mwa koo 52 za Baganda. Idadi hiyo haikutokana na uzito wala na upepo, imetokana na watu, na masafa baina ya pete na pete ndiyo yanayopaswa kuifuata. Moto wa Machi 2010 uliiteketeza nyumba hiyo, ikabidi ijengwe upya, na mtu angeweza kuiingiza katika programu yoyote ya kisasa aipendayo. Lakini sharti angeijua tofauti iliyopo baina ya namba zile mbili, kwani 52 ni namba isiyoguswa na hesabu yoyote ya gharama, na masafa ni namba inayotafutwa. Atakayeandika fomula ya jengo lolote, hata la maduka ya ghorofa mbili huko Nakawa, huanza kwa swali hilohilo la kipi kimetolewa na kipi kinatafutwa, na akilikosea swali hilo, programu haitamwokoa.

Habari ya mashine yenyewe nitaipitia upesi. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT cha Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuiamuru kwamba mistari miwili iwe sawa kwa urefu au isikutane kamwe, nayo ikaishika amri hiyo hata mchoro ulipobadilishwa. Huko Italia, msanifu Luigi Moretti alikuwa tayari anahubiri usanifu wa vigezo, akidai kwamba umbo la kiwanja cha michezo lipatikane kwa mahusiano ya pembe na macho ya watazamaji. Fikira hizo zilikaa kwa muda mrefu katika vyuo. Kilichozifikisha ofisini ni mambo mawili yaliyotokea mbalimbali: lahajedwali, lililoanza kuuzwa kwa jina la VisiCalc mwaka 1979 na kuwafundisha makarani na wahasibu kwamba namba moja ikibadilika zilizobaki hubadilika zenyewe; na programu za majengo, kama Archicad iliyotoka Hungaria na Revit ambayo kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2002, ambamo ukuta si mistari miwili tena, bali unajijua kuwa ni ukuta, una unene, kimo na maligafi yake, na kando ya kila kigezo pana kisanduku kitupu kinachongoja fomula. Baadaye David Rutten akaleta Grasshopper, ambayo huunganisha hesabu kwa nyaya zinazoonekana katika kioo. Kijana amalizaye masomo ya usanifu Makerere leo hakuwahi kuijua ofisi isiyo na vitu hivi.

Tuchukue ngazi, maana hakuna kiungo cha nyumba kinachoonyesha tabia ya fomula waziwazi kuliko hicho. Mfaransa François Blondel, katika karne ya 17, alipima hatua ya binadamu akaamua kwamba vimo viwili vya kidato, pamoja na upana mmoja wa kukanyagia, vikijumlishwa visipungue wala kuzidi sana urefu wa hatua hiyo. Wasanifu wa leo aghalabu huweka milimita 600 na kidogo, nasi tuchukue 630. Mwanafunzi anayeandika fomula hiyo katika Revit huanza na kimo cha kutoka sakafu hadi sakafu, tuseme milimita 3,000, na kimo kisichopaswa kuvukwa na kidato chochote, tuseme 175. Akigawa hupata 17 na sehemu ndogo. Hapo ndipo shauri la kwanza linapoingia kimyakimya: ikiwa ameiamuru programu izungushe namba hiyo kwenda namba kamili iliyo karibu, itampa vidato 17, na kila kidato kitakuwa na kimo cha milimita 176 na nusu, yaani amekwisha kulivunja sharti lake mwenyewe bila kujua; akiamuru izungushwe kwenda juu daima, atapata vidato 18 vya milimita 166.67, na upana wa kukanyagia utakuwa 296.67. Tofauti baina ya fomula hizo mbili ni neno moja tu ndani ya kisanduku. Ramani zote mbili zitakuwa nadhifu.

Sasa mwenye nyumba akabadili nia, akataka dari ya chini ipande, na kimo cha sakafu hadi sakafu kifike 3,200, kwa kuwa amekiona chumba cha jirani. Zamani msanifu angeudhika, akafuta jioni nzima. Fomula hutoa vidato 19, kimo cha 168.4, na upana wa 293.2, na hapohapo huonyesha kuwa ngazi nzima imerefuka kwa zaidi ya sentimita 23, pengine imefika mlangoni pa jiko. Na jambo hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu kosa la namna hiyo kwa desturi hugunduliwa na mwashi, siku ambayo zege limekwisha kumwagwa. Asemaye kwamba fomula zinaua sanaa anieleze ni sanaa gani iliyokuwamo katika kufuta jioni nzima.

Hata hivyo fomula hiyohiyo ina upofu wake. Ramani humwandikia mwashi 167, kwa kuwa hakuna anayechapa theluthi mbili za milimita, naye akizijumlisha mara 18 hupata 3,006, akabaki na milimita 6 ambazo lazima azifiche mahali. Fundi mzuri huzigawa bila kuuliza. Fundi mbaya huzibandika zote katika kidato cha mwisho, na mguu wa mzee hukijua kidato kile kabla ya macho yake. Programu haina habari ya fundi huyo.

Katika mambo ya vipimo, ambayo ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi kwa wanaoanza, programu hizi ni kali kupita kadhi. Urefu ukigawanywa kwa urefu huwa namba tupu, na urefu ukizidishwa kwa urefu huwa eneo. Ukijaribu kuuzungusha urefu kama kwamba ni namba tupu, Revit hukataa na kudai kwamba vipimo havipatani, mpaka uugawe kwanza kwa milimita moja, uzungushe, kisha uurudishie milimita yake. Kadhalika kigezo ukikipa jina lenye kistari katikati, kama vile Upana-Dirisha, mashine hudhani unatoa Dirisha katika Upana. Wengi huyaona haya kuwa ni usumbufu. Mimi nayaona kuwa ni adabu tunayoihitaji, hususan katika mji ambao kiwanja ni cha futi, mbao ni za inchi na nondo ni za milimita. Kwani lahajedwali la kawaida, ambalo ndilo wakadiriaji wetu wengi wanalotumia, halina adabu hiyo, litajumlisha futi na meta bila hata kukohoa. Chombo cha Marekani kilichopelekwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa hesabu zake kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama vipimo vya meta na kilo; na ikiwa watu wale walipotewa na chombo, seuze mkadiriaji anayefanya kazi usiku kwa ajili ya zabuni ya asubuhi.

Lakini ukali huo wa mashine hukomea katika namna ya kipimo, hauufikii ukweli wa kipimo chenyewe, na hapa nafika katika sehemu ninayoiona kuwa kiini cha suala lote, nayo ni jua.

Kampala iko kaskazini mwa ikweta kwa theluthi moja ya digrii hivi. Maana yake ni kwamba tangu mwishoni mwa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini wa nyumba, na katika nusu nyingine ya mwaka huwa upande wa kusini, na hata katika Juni na Desemba, linapokwenda mbali kabisa, halipotoki utosini kwa zaidi ya digrii 24. London haiko hivyo: kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini halilioni kamwe wakati huo. Sasa msanifu wa London akiandika kiolezo, naye ni mtu mwenye akili na mwenye haki ya kuandika kwa ajili ya mji wake, ataweka fomula inayotokeza kizuizi cha jua juu ya madirisha ya kusini tu, na yale ya kaskazini atayaacha wazi ili yapate mwanga baridi. Kiolezo hicho kikipakuliwa Kampala, fomula zake zitafanya kazi bila kulalamika hata mara moja. Hakuna kipimo kisichopatana. Hakuna kisanduku chekundu. Na waliokaa katika vyumba vya kaskazini watapata jua la adhuhuri kwa nusu nzima ya mwaka.

Fomula ya hapa si ngumu. Kina cha upenu au cha bamba la zege lililotokeza juu ya dirisha ni kimo cha dirisha kuzidishwa kwa tanjenti ya digrii 24, na kwa dirisha la kimo cha meta 1.2 jawabu ni kama sentimita 53, kwa upande wa kaskazini na wa kusini vilevile. Mtu akiiandika mara moja, kila dirisha katika jengo litajikinga lenyewe, likirefuka upenu utarefuka nalo. Ernst May, Mjerumani aliyeipangia Kampala vitongoji vya Kololo na Naguru mwaka 1947 na kulisanifu jengo la Makumbusho ya Uganda, hakuwa na mashine ya namna hii, na kizazi chake kiliyapima mambo ya jua kwa kalamu juu ya karatasi. Lakini kalamu ilikuwa na fadhila moja, kwamba aliyeishika alilazimika kujua yuko wapi.

Tuipeleke fomula hiyohiyo upande wa magharibi. Saa kumi ya jua, ambayo kwa saa ya ukutani hapa Kampala ni yapata saa kumi na dakika 50, kwani saa zetu hufuata mstari wa longitudo 45 ilhali mji uko karibu na 32 na nusu, jua la siku za Machi huwa limeshuka hadi digrii 30 juu ya upeo. Dirisha la meta 1.2 sasa linataka upenu wa zaidi ya meta 2. Fomula itautoa upenu huo, itauchora, na mkadiriaji ataupigia bei. Kumbe jawabu la haki lilikuwa kutoweka dirisha pale, au kuliwekea vibao vya kusimama, au kupanda mti. Mambo ambayo fomula haikuulizwa, na ambayo haiwezi kuyajibu mpaka mtu ayafikirie kabla yake. Nathubutu kusema kwamba nusu ya kazi ya msanifu ni kutambua wakati ambapo jawabu sahihi la fomula ni dalili ya swali baya.

Zipo fomula nyingine ambazo madhara yake hayatoki ng'ambo, hutoka katika usahaulifu wetu. Katika malahajedwali ya makadirio hukaa namba zilizo uchi, zisizo na jina wala kipimo, ambazo kila kizazi cha wafanyakazi hukirithisha kingine. Mojawapo ni 1.54, nayo ni kadirio la ujazo wa vitu vikavu vinavyohitajika ili kupata meta moja ya ujazo ya zege. Katika mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, namba hiyo hugawanywa kwa saba, ikazidishwa kwa kilo 1,440, ambazo ndizo uzito unaokadiriwa wa saruji kwa kila meta ya ujazo, hata ikatoa mifuko sita na theluthi. Ni kadirio tu, linalofaa mchanga na kokoto za hali fulani. Nimewaona vijana wakiitetea 1.54 kama aya.

Nyingine ni 162. Ukitaka uzito wa nondo, chukua kipenyo chake kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa 162, utapata kilo kwa kila meta. Namba hiyo si uchawi, ni uzito wa chuma, kilo 7,850 kwa meta ya ujazo, uliokwisha kuchanganywa na hesabu ya duara. Nondo ya 12 ina kilo 0.89 kwa meta. Basi na tutazame jinsi hesabu hii inavyobadilika mikononi mwa mtu aijuaye asili yake. Ikiwa nondo iliyouzwa dukani kama ya 12 ni ya 11 kwa kweli, tofauti ya milimita moja ambayo jicho haliioni, chuma kilichopungua ni asilimia 16, na fomula iliyo katika programu, kwa kuwa iliambiwa 12, itaendelea kuhesabu 12 mpaka jengo litakapokuwa na wapangaji. Lakini fomula hiyo ikigeuzwa, ikaanza na mizani badala ya kuanza na kipenyo, humfichua muuzaji pale pale mlangoni pa duka. Kwa hiyo chombo ni kimoja, na kinachotofautiana ni kama aliyekishika anajua kilitoka wapi.

Ulimwengu mkubwa nao umelipa ada ya somo hili. Paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, Marekani, lililokuwa limehesabiwa kwa kompyuta na kusifiwa kwa jambo hilo, lilianguka usiku wa Januari 18, 1978 chini ya theluji, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji kuondoka. Mashine ilikuwa imeambiwa kwamba viungo vya paa vimeshikiliwa imara zaidi kuliko vilivyokuwa, nayo ikasadiki. Huko Norwei, tarehe 23 Agosti 1991, mtambo wa zege wa Sleipner A ulizama karibu na Stavanger, kwa kuwa programu ilikuwa imezikadiria nguvu za mkato katika sehemu fulani pungufu kwa asilimia 47, na kuta zikatoka nyembamba. Hakuna aliyekufa katika misiba hiyo miwili, na wahandisi wake hawakuwa wajinga.

Insafu hata hivyo yanilazimu kusema kwamba ni mara chache fomula huweza kulaumiwa kwa majengo yanayoporomoka Kampala. Hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kando ya barabara ya Entebbe, ilipoanguka Septemba 2004 na kuwaua wafanyakazi, mazungumzo ya mji hayakuwa juu ya programu. Yalikuwa juu ya vifaa, usimamizi, na nani aliruhusu. Zege lililotiwa maji mengi ili lipitike kwa urahisi halijui kwamba kompyuta ililipangia nguvu gani. Ndiyo maana nacheka kidogo nisikiapo kuwa dawa ya maafa yetu ni kununua programu bora. Programu bora itatoa ramani bora, na ramani bora itatundikwa katika kibanda cha mabati, na karai za mchanga zitahesabiwa kwa macho kama kawaida.

Lakini pana mahali ambapo sheria na fomula zinakutana, napo hapatazamwi. Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, ina Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo iliyozaliwa na sheria hiyo, ina mamlaka ya jiji, yaani KCCA, inayopokea ramani za Kampala, na ina hata kanuni yake ya matetemeko, US 319 ya mwaka 2003, jambo la busara katika nchi iliyotikiswa na tetemeko la Toro la mwaka 1966. Msanifu hutia saini, mhandisi huleta mahesabu ya nguzo na mihimili. Zile fomula nyingine, za ngazi, za madirisha, za maji ya paa, za makadirio ya vifaa, hubaki ofisini ndani ya kiolezo, na mkaguzi hupewa matokeo tu. Yeye hupima kidato kimoja kwa rula, akaridhika. Hana njia ya kujua kwamba kidato hicho kilipatikana kwa kuzungusha namba kwenda karibu badala ya juu, na kwamba jengo linalofuata kutoka ofisi ileile, lenye kimo kingine, litakuwa na kosa ambalo hili halina. Kiwango cha Uingereza cha zege, BS 8110, ambacho wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walilelewa nacho, kiliondolewa kwao mwaka 2010. Fomula zilizokinakili zitaendelea kuishi katika malahajedwali ya Kampala hata wajukuu wetu wazeeke, kwa kuwa hakuna tarehe iliyoandikwa juu ya fomula hizo.

Hapa pana kundi la tatu ambalo sikulitaja mwanzoni, nalo ni la vijana wapakuao kutoka intaneti milango, madirisha na ngazi zilizotengenezwa tayari, fomula zikiwa ndani, wakaziweka katika ramani kwa kuwa zinapendeza. Siwalaumu sana. Leseni za programu kubwa ni ghali kwa ofisi ya watu wawili, muda ni mchache, na mteja ataka picha kabla ya Ijumaa. Lakini ipo FreeCAD, ambayo haina bei na ambayo ina lahajedwali lake ndani, na mtu aweza kujifunza kwayo kila jambo nililolitaja hapa, kuanzia vidato hadi upenu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinachokosekana si chombo. Kinachokosekana ni desturi ya kuiandika fomula kama mtu aandikavyo hati ya deni: jina la mwandishi, tarehe, namba zilizotolewa, namba zinazotafutwa, na mpaka ambao ukivukwa fomula haifai tena. Kisanduku kimoja cha maelezo hutosha.

Walimu wa vyuo vya Makerere, Kyambogo na Nkozi wanaweza kuianzisha desturi hiyo muhula ujao bila kungoja bajeti: mwanafunzi aletaye ngazi iliyochorwa kwa fomula aulizwe, kabla ya kupewa alama, ni kwa kimo gani fomula yake itavunjika, na asiyeweza kujibu arudi akaitafute. Bodi ya Majengo nayo yaweza kudai kwamba katika karatasi ya kwanza ya ramani, karibu na muhuri, pawe na jedwali dogo la fomula zilizotumika. Na wewe msomaji unayejenga, ambaye pengine hutaigusa programu hata siku moja, mwambie msanifu wako akuonyeshe upande gani wa nyumba utapigwa na jua la Juni na upande gani la Desemba, akueleze jinsi alivyolipata jawabu hilo. Na nondo zikifika kiwanjani usiridhike na jina lililoandikwa juu ya risiti, chukua mizani, kwa sababu nondo ya milimita 12 yenye urefu wa meta 12 sharti ikaribie kilo 10 na theluthi mbili, na ikiwa ni kilo 9, irudishe dukani kabla hujalipa.